Ryzen 7 9800X3D: kufuli limeondolewa, ila kasi inapatikana kwa kushusha volteji

Ukoo wa prosesa za X3D za AMD, zile zenye kashe (kumbukumbu ya haraka ya ndani) ya ziada, ulikuwa na jambo moja lililowakera wapenda kuchokonoa: kufuli. 5800X3D ya Aprili 2022 ilikuja kizidishi (namba inayozidisha saa ya msingi kupata kasi ya kori) kimefungwa, na 7800X3D ya mwaka uliofuata ikaachiwa upenyo mdogo wa kurekebisha volteji tu. 9800X3D, iliyoingia sokoni Novemba 2024, ndiyo ya kwanza kuachiwa kabisa. Kizidishi unakigusa, volteji unaigusa, na PBO (Precision Boost Overdrive, mfumo wa AMD wa kulegeza vikomo) inakuruhusu kuongeza hadi MHz 200 juu ya bosti ya kiwandani, yaani kasi ya juu ambayo prosesa hujipandisha yenyewe.

Tunachopima hapa ni uhuru huo: unaleta nini, unakula joto kiasi gani, na mashine inabaki imara kwa masharti gani. Kwa kifupi, hii ni prosesa nzuri sana ya kupandisha kasi kwa mtu anayekubali kwamba kazi kubwa iko kwenye kushusha. Anayetaka kuandika namba kubwa kwenye BIOS (menyu ya mipangilio ya ubao mama) akae asubiri maajabu, atavuna joto na kelele za feni.

Kilichomo ndani na kwa nini kinapoa vizuri zaidi

Kori 8, nyuzi (threads) 16, kasi ya msingi GHz 4.7, bosti GHz 5.2, kashe ya L3 MB 96. Kwenye boksi utasoma TDP ya wati 120, lakini namba ya kuishika ni PPT, wati 162: hicho ndicho kikomo cha nguvu ambazo soketi inaruhusiwa kuipa prosesa. Sambamba nayo kuna vikomo vya mkondo: TDC (wa kudumu) ya ampea 120 na EDC (wa ghafla) ya ampea 180. Kikomo cha joto ni nyuzijoto 95, wakati 7800X3D ilikomea 89 na 5800X3D 90.

Siri ya kuondolewa kufuli iko kwenye mpangilio wa vipande. Katika vizazi viwili vya kwanza, kipande cha kashe cha MB 64 kilibandikwa juu ya kori, mithili ya blanketi. Joto la kori lililazimika kupenya silikoni hiyo ndipo lifike kwenye kifuniko cha chuma. Kwenye 9800X3D mambo yamepinduliwa: kashe iko chini, kori ziko juu, zikielekea moja kwa moja kwenye kifuniko. Ndiyo maana bosti imepanda kutoka GHz 5.0 ya 7800X3D hadi 5.2, na kasi ya msingi ikaruka kutoka 4.2 hadi 4.7.

Hata hivyo, isikudanganye ukadhani joto limekwisha. Kipande kinachobeba kori hizo nane kina ukubwa wa takriban milimita za mraba 70, na sehemu kubwa ya wati zinazoliwa kwenye kazi nzito hutokea hapo. Juu yake kuna kifuniko kinene, kwa sababu AMD ilitaka vipoozaji vya soketi ya zamani ya AM4 viendelee kutoshea kwenye AM5, soketi ya prosesa hii. Kwa hiyo kizuizi cha joto kiko kati ya silikoni na chuma, kabla hata halijakifikia kipoozaji. Wanaobadilisha redieta ya kipoozaji cha maji ya milimita 240 kwa ya 360 wakitarajia kushuka nyuzijoto 15 huishia kupata chache tu, na kwenye gemu pengine wasione tofauti. Gemu nyingi hazikaribii hata wati 162. Mnara mzuri (kipoozaji cha hewa) wenye feni moja au mbili za milimita 120 unatosha kwa gemu. Redieta kubwa ina maana ukirenda video au kukusanya msimbo (compile) kwa saa nyingi.

Hesabu yenyewe inafaa kuijua kabla ya kushika chochote. Nguvu inayoliwa na kori hupanda sawia na kasi, lakini sawia na *kipeo cha pili* cha volteji. Chukua mfano wa kori zinazokimbia GHz 5.2 kwa volti 1.20. Ukizipeleka 5.4 kwa volti 1.28, kasi imepanda chini ya asilimia 4, nguvu imepanda takriban asilimia 18. Joto lote hilo la ziada linapita kwenye zile milimita 70. Geuza hesabu: punguza volteji kidogo bila kugusa kasi, na joto linashuka kuliko ulivyodhani. Prosesa hii nayo inajipandisha yenyewe kila inapoona kuna nafasi ya joto na nguvu, kwa hiyo nafasi uliyookoa hapo inageuka kasi bila wewe kuandika namba yoyote.

Kabla ya kufungua BIOS

Ubao mama kwanza. Chipseti za A620 na B840 haziruhusu kupandisha kasi ya prosesa. B650, B850, X670 na X870 zinaruhusu. Ubao wa zamani wa AM5 unahitaji BIOS inayoutambua mfululizo wa 9000, na kama huna prosesa nyingine ya kuuwashia, hakikisha una kitufe cha Flashback, kile kinachopakia BIOS kutoka kwenye flashi bila prosesa.

Kwenye AM5 pini, zote 1718, ziko kwenye soketi. Faida yake ni kwamba ukichomoa kipoozaji prosesa haifuati nacho, jambo lililokuwa ugonjwa sugu wa AM4. Hasara yake ni kwamba ukiiangusha prosesa kwa pembe, unapinda pini za ubao, na ubao ndio unaokwenda na maji.

Pesti ya joto: safisha kifuniko kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha weka tone la ukubwa wa njegere katikati na vitone vinne vidogo karibu na pembe. Kifuniko cha AM5 kina mapengo pembeni yanayoonyesha kapasita, vijenzi vidogo vya umeme, na pesti iliyozidi itaingia humo. Pesti ya kawaida isiyopitisha umeme haina madhara, ni uchafu tu. Metali ya kimiminika ni habari nyingine: tone moja likifika kwenye kapasita hizo, umeunguza kitu. Kwa prosesa ambayo hujaibandua kifuniko, hatuoni sababu ya kuitumia.

Skrubu za kipoozaji zikazwe kwa zamu, upande huu mizunguko miwili, upande ule miwili, hadi zigome. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kabla ya mwingine, sahani inakaa kombo na pesti inakuwa nene upande mmoja. Dalili yake ni joto kuruka hadi 95 ndani ya sekunde moja ya mzigo mzito huku kipoozaji chenyewe kikiwa baridi ukikigusa. Na ngozi ya plastiki chini ya kipoozaji, iondoe. Linachekesha mpaka likukute. Jambo lingine dogo lenye faida: kipande cha kori hakiko katikati ya kifuniko, kimesogea upande mmoja. Baadhi ya watengenezaji, Noctua wakiwemo, wanatoa vishikizo vinavyosogeza kipoozaji milimita 7 kukifuata. Tarajia nyuzijoto 1 hadi 3, zisizo na gharama ya kelele.

Curve Optimizer, ambako ndiko kwenye faida

Kila prosesa hutoka kiwandani na mkunjo wa volteji na kasi: kwa kasi hii, nipe volti hizi. Kiwanda huweka akiba juu yake ili hata chipu dhaifu iwe imara hata kwenye joto kali. Curve Optimizer inakata akiba hiyo. Kila ngazi moja ni takriban milivolti 3 hadi 5, hivyo −20 ni kama milivolti 60 hadi 100. Si kidogo.

Ingia kwenye menyu ya PBO ndani ya BIOS, iweke *Advanced*, acha vikomo vya nguvu kama vilivyo, kisha Curve Optimizer, *All Cores*, *Negative*, 15. Usianze na kuongeza MHz 200. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo, mashine ikigoma hutajua mkosaji ni nani. Jaribu −15, ikiwa imara nenda −20, halafu −25. Chipu nyingi husimama mahali fulani kati ya −15 na −30. Anayejigamba −40 kwenye kori zote, muulize alipima kwa kutumia nini na kwa muda gani.

Kosa linalowaangusha wengi liko hapo kwenye upimaji. Mtu anaendesha Cinebench, jaribio la kurenda, nusu saa, kori zote zinafanya kazi, hakuna kilichoharibika, anatangaza ushindi. Usiku kompyuta imeachwa kwenye desktop tupu inajizima na kujiwasha. Sababu ni hii: mzigo wa kori zote hushusha kasi, kwa hiyo unapima sehemu ya katikati ya mkunjo. Kilele cha mkunjo hufikiwa pale kori *moja* inapofanya kazi nyepesi, zile nyingine zimelala, joto liko chini na prosesa inaruka hadi 5.2 au zaidi. Hapo ndipo akiba uliyoikata inahitajika, na hakuna jaribio la kori zote linalokufikisha huko.

Chombo cha kazi hiyo ni CoreCycler, hati ndogo ya bure inayoendesha Prime95 au y-cruncher, programu za hesabu nzito, kwenye kori moja, kisha kuhamia inayofuata. Ianze na Prime95 katika hali ya SSE, kwa kuwa SSE, seti ya zamani ya maagizo ya prosesa, ni nyepesi na huacha kori ipande hadi kileleni. Ipe dakika 10 kwa kila kori. Mzunguko mmoja wa kori 8 ni dakika 80, kwa hiyo iache usiku kucha ipate mizunguko kadhaa. Kori ikifeli, Prime95 huandika kwamba *rounding* imefika 0.5 ilhali ilitarajiwa iwe chini ya 0.4, na CoreCycler inakutajia namba ya kori. Hapo badilisha kutoka *All Cores* kwenda *Per Core*, mpandishe huyo mmoja ngazi 5, kutoka −25 hadi −20, wengine waache walipo, rudia.

Usishangae kori bora ndizo zinazofeli mapema. HWiNFO (programu ya kusoma vipimo) na Ryzen Master (ya AMD yenyewe) huonyesha kori zipi zimepewa daraja la juu, na hizo ndizo mfumo wa uendeshaji hupenda kuzipa kazi za uzi mmoja. Kiwanda tayari kimezipa mkunjo mkali kwa sababu ya ubora wao, akiba yake ni nyembamba. Ni kawaida kabisa kuishia na kori bora mbili kwenye −12 na nyingine sita kwenye −28. Ryzen Master ina kitufe cha kutafuta namba hizi yenyewe. Ichukulie kama makisio ya kuanzia. Huwa na matumaini kupita kiasi.

Baada ya SSE kupita, fanya mzunguko mwingine kwa y-cruncher. Zen 5, usanifu wa prosesa hii, ina AVX-512 (maagizo ya hesabu nzito) ya upana kamili, na y-cruncher inaitumia ipasavyo, kwa hiyo inakamata udhaifu wa upande wa pili: mkondo mkubwa wa ghafla unaoivuta volteji chini. Mashine inaweza kufaulu SSE ikafeli hapa, na kinyume chake.

Tuseme umekosa kupima na kompyuta inajiwasha upya bila hata skrini ya buluu. Fungua Event Viewer ya Windows, kwenye kumbukumbu za System, tafuta WHEA-Logger (rekodi ya hitilafu za vifaa) namba 18. Ndani yake kuna mstari wa *Processor APIC ID*. Kwenye prosesa hii kila kori ina nyuzi mbili, hivyo gawa namba hiyo kwa mbili na utupe mabaki: ID 6 au 7 ni kori namba 3, ukianza kuhesabu na sifuri. Nenda kwenye BIOS, ipandishe hiyo kori ngazi 3 hadi 5. Mstari huo mmoja unaokoa usiku mzima wa kupapasa.

Kuna ulaghai mwingine wa kimyakimya. Volteji ikiwa pungufu kidogo, prosesa inaweza isigome, ila ikavuta mapigo ya saa ili ijinusuru. Skrini inaonyesha GHz 5.4, kazi inayofanyika ni ya 5.2. Kwenye HWiNFO linganisha kasi ya kori na *Effective Clock* kori ikiwa kwenye mzigo kamili. Tofauti ya MHz chache ni sawa, tofauti ya 100 na kuendelea inaashiria umekata mno. Na alama za Cinebench zikishuka huku kasi inayoonyeshwa ikipanda, ziamini alama.

Mkunjo ukishatulia, ndipo uongeze bosti. Weka +100, rudia CoreCycler, halafu +200. Tarajia kori moja au mbili kudai ngazi zake zirudishwe juu, maana umehamisha kilele mahali ambapo kiwanda hakikupapima. Nyongeza ya 200 inakufikisha karibu GHz 5.4. Kwa gemu zinazobanwa na prosesa hiyo ni asilimia chache. Kwa gemu za 4K zinazobanwa na kadi ya picha ni sifuri. Tunaona kushuka kwa joto na kelele kuna thamani kubwa kuliko hizo MHz, na mtu akituuliza achague kimoja, tunamwambia −20 bila nyongeza yoyote.

Loadline Calibration, inayofidia volteji inaposhuka kwenye mzigo, iache kwenye *Auto*. Wengi huipandisha hadi ngazi ya mwisho kwa mazoea ya zamani, kisha volteji inaruka juu kila mzigo unapoondoka, na Curve Optimizer yote inakosa maana.

RAM, mshukiwa anayesahaulika

Nusu ya malalamiko ya "9800X3D yangu haitulii" yanaanzia kwenye RAM, hiyo ni dhana yetu baada ya kuona maswali ya aina hiyo yakiishia wapi. EXPO, profaili ya kasi ya RAM iliyotayarishwa na mtengenezaji, nayo ni ovakloki (kupandisha kasi kupita vipimo). Kuibonyeza tu hakuifanyi kuwa ya uhakika. Pazuri pa kukaa ni DDR5-6000 CL30, vipande viwili, UCLK (saa ya kidhibiti cha RAM) sawa na MCLK (saa ya RAM), yaani MHz 3000 kwa 3000, na FCLK (saa ya kiungo cha vipande vya prosesa) 2000. Kashe ya MB 96 imeshameza sehemu kubwa ya ucheleweshaji wa RAM, hivyo kuhangaika hadi 8000 kwa prosesa hii ni kujitafutia kazi.

Volteji ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) isizidi 1.30, na hiyo si nasaha ya woga. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000 ziliungua kwenye soketi, na AMD ikafunga kikomo hicho kupitia BIOS mpya. Bao nyingi ukiwasha EXPO zinaiweka karibu kabisa na 1.30. Jaribu 1.20 kwa mkono; kwa 6000 mara nyingi inatosha, na wati zinazookolewa zinapunguza joto hata kompyuta ikiwa imetulia.

Ukiwasha EXPO mara ya kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa. Ubao unaipima RAM. Usizime. Watu wamerudisha bidhaa nzima nzima dukani kwa kukosa subira ya dakika tano. Ikipita robo saa na taa ya DRAM bado inawaka, hapo ndipo ufute CMOS, yaani urudishe BIOS kwenye mipangilio ya mwanzo.

*Memory Context Restore* huokoa muda huo kwa kuhifadhi matokeo ya upimaji, lakini kama RAM iko ukingoni, inakwenda na matokeo ya jana katika joto la leo. Izime wakati wa kujaribu, iwashe ukishamaliza. Pima kwa Memtest86+ ukiwa nje ya Windows, kisha TestMem5 au jaribio la VT3 la y-cruncher ukiwa ndani, huku kadi ya picha ikiwa na mzigo. Hilo la mwisho lina sababu: chipu za DDR5 zikipita nyuzijoto 50 na kitu, hasa zenye tREFI (muda kati ya kuburudishwa) ndefu, huanza kupoteza biti, na hewa moto ya kadi ya picha ndiyo inayozipandisha huko. RAM iliyofaulu kwenye kasha lililo wazi inaweza kufeli kwenye gemu la saa tatu. Dalili za RAM hutofautiana na za prosesa: faili la zip linalokataa kufunguka, gemu inayojifunga bila ujumbe, Windows kuharibika polepole. FCLK iliyozidi nayo huanza kwa alama kushuka na sauti kukatikakatika, kabla ya kugoma kabisa.

Njia ya mkono

Kwa sababu kizidishi kiko wazi, unaweza kuweka 54 kwa kori zote na volteji moja isiyobadilika. Inafanya kazi. Lakini vikomo vya PPT havikulindi tena kwa namna ileile, volteji inabaki juu hata kwenye kazi ndogo, na kwa kuwa bosti ya kawaida pamoja na PBO inafika karibu na hapo, unalipa sana kwa kidogo. Ukisisitiza, sisi tusingevuka volti 1.25 kwa matumizi ya kila siku, na Prime95 ya FFT ndogo (jaribio lake la joto kali) ikikufikisha 95 basi umeshapita mahali pa kusimama.

Bao za bei ya juu zina kizalisha saa cha nje, eCLK, kinachoacha PCIe kwenye 100 huku kori zikipewa, tuseme, 102. Mara 54, unapata GHz 5.508. Ni mchezo mzuri kwa wanaofukuza alama. Bila kizalisha saa hicho, usiguse BCLK (saa ya msingi ya mfumo) hata kidogo, kwa sababu diski ya NVMe na kadi ya picha ziko kwenye saa hiyohiyo, na data ndiyo itakayolipa.

Jambo la dhamana lisemwe wazi: AMD inahesabu PBO na Curve Optimizer kuwa uendeshaji nje ya vipimo, na uharibifu utokanao nao huenda usifidiwe.

Feni na kikomo cha joto

Kipimajoto cha Ryzen kinaruka. Ukifungua kivinjari, kutoka 45 hadi 65 ndani ya sekunde, kisha chini. Feni zikifuata kila mruko, chumba kinasikika kama mtu anakanyaga mafuta ya pikipiki. Weka uchelewesho wa sekunde 3 hadi 5 kwenye menyu ya feni, mstari ubaki tambarare hadi nyuzijoto 65, kisha upande taratibu kufika 85. Pampu ya kipoozaji cha maji iache kwenye kasi moja. Nyuzijoto 40 hadi 50 kompyuta ikiwa imetulia ni kawaida. Kipande cha I/O huwa hakilali kabisa, usibadilishe pesti kwa sababu hiyo.

Kuna kitasa kimoja kwenye PBO ambacho hakisifiwi inavyostahili: *Platform Thermal Throttle Limit*. Kiweke 85 na prosesa itajizuia yenyewe isivuke hapo. Kwenye gemu hutaona tofauti kwa sababu hufiki huko, na kwenye kurenda unapoteza MHz kidogo tu. Kwa kasha dogo lisilopitisha hewa vizuri, tungeanza na hicho kabla ya kingine chochote.

Nani aichukue

Mtu wa gemu za ushindani, za uigizaji wa ndege na magari, au za mikakati zenye maelfu ya vitu vinavyotembea, hana haja ya kujadiliana sana. Kashe ndiyo inayofanya kazi, na hakuna ovakloki ya Ryzen 7 9700X, yenye L3 ya MB 32 tu, inayoweza kuifidia. Anayerenda au kukusanya msimbo mchana kutwa, kori nane zitambana. 9950X3D yenye kori 16 ndiyo ya kwake. Mwenye 7800X3D akae nayo. Na anayenunua kwa ajili ya ile raha ya kuchokonoa tu ajue kwamba bahati ya chipu inatofautiana: mbili za boksi moja zinaweza kuachana kwa ngazi 10 za mkunjo, wala hakuna njia ya kujua ukiwa dukani.

Lalamiko letu kubwa haliko kwenye silikoni. Liko kwenye menyu: bao nyingi zina PBO katika sehemu mbili tofauti, moja ya mtengenezaji wa ubao na nyingine ya AMD, na zikipingana huwezi kujua ipi imeshinda hadi uione HWiNFO. Chagua moja, ile ya AMD ni salama zaidi, nyingine iache *Auto*.

Ukimaliza, hifadhi mipangilio kwenye profaili ya BIOS, kisha uiandike pia pembeni au upige picha za skrini kwa F12 zikaingia kwenye flashi. BIOS ikisasishwa profaili nyingi hufutika au hukataa kusomeka, na namba nane za kori zilizokugharimu usiku tatu hazikumbukwi kwa kichwa. Baada ya kuzirudisha, endesha CoreCycler mzunguko mmoja mzima, kwani toleo jipya la AGESA (msimbo wa AMD ndani ya BIOS) linaweza kubadilisha mkunjo wenyewe, na −28 iliyokuwa imara juzi ikawa imepitiliza.